Kwa nini mkono wa roboti unahitaji kiganja cha pili

Video za mikono ya roboti zinazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi wa Mwanza. Mkono mmoja unanyanyua bodi nzima ya gari, unaigeuza hewani, unaishusha palepale ilipotakiwa, kisha unaifuata nyingine bila hata kupumua. Maoni yanayofuata hayabadiliki sana: karakana za kukereza vyuma zimekwisha, na kijana anayejifunza kuchonga shafti za boti au bushi za karasha aanze kutafuta kazi nyingine. Wapo pia wenye hamu ya kununua, kwa sababu mikono iliyokwisha kutumika viwandani Ulaya na Asia inauzwa mtandaoni, na katalogi zake zimeandikwa namba za kuvutia.

Hofu ya hao na hamu ya hawa zimetoka kwenye dhana moja, kwamba mashine inayorudia kazi bila kuchoka lazima iwe mashine sahihi. Dhana hiyo si ya kweli. Mkono wa roboti ukiachwa peke yake, hata uwe wa kampuni kubwa kiasi gani, hauwezi kuchonga kiti cha beringi, yaani sehemu ya shafti inapokaa beringi, kitakachokubalika. Panapohitajika kazi ya namna hiyo, mwishoni mwa mkono hufungwa kifaa kingine kidogo chenye mwendo wake chenyewe. Kwenye video kifaa hicho huonekana kama sehemu ya zana, na wengi hawajui kwamba kipo. Ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu anayekielewa hatishiki ovyo na hatatapeliwa kirahisi.

Maneno ya kuanzia

Mkono wa roboti ni mfululizo wa viungo, kwa kawaida sita, vilivyopangwa kimoja baada ya kingine kuanzia kitako hadi kifundo. Kila kiungo kina mota na gia boksi yake. Mwisho kabisa kuna sahani ya chuma yenye matundu ya boliti, na hapo ndipo zana hufungwa: drili, gurudumu la kusagia, kishikio, au chochote kile.

Urudiaji ni uwezo wa mkono kurudi mahali ulipokwisha kufundishwa. Unausogeza hadi kwenye tundu, unahifadhi nafasi hiyo, unauamuru urudi mara nyingi, kisha unapima kila mara umekosea kiasi gani. Usahihi ni kitu kingine: ni uwezo wa kufika mahali ambapo haujawahi kufika, kwa kupewa namba tu, kwa mfano milimita 812.40 mbele na 305.15 kushoto. Mikono mingi ya viwandani inarudia ndani ya milimita 0.02 hadi 0.1. Mikono hiyohiyo, isipofanyiwa urekebishaji maalumu, inaweza kukosea nusu milimita, au hata milimita nzima na zaidi, inapotumwa kwenye nafasi mpya.

Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katalogi ni ya urudiaji. Hupatikana kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 9283, ambapo mkono unarudia nafasi zilizopangwa mara 30, njia ileile, mzigo uleule. Hakuna udanganyifu ndani yake, ila si namba anayoihitaji mtu wa kuchonga. Roboti iliyokosea milimita moja kwa uaminifu, mara 30 mfululizo, itapata alama nzuri sana ya urudiaji.

Kifaa chenyewe nitakiita kiganja cha pili. Hukaa kati ya sahani ya mwisho ya roboti na zana. Mwendo wake ni mfupi, pengine milimita chache, pengine sehemu ndogo tu ya milimita, lakini ndani ya eneo hilo dogo huenda kwa umakini ambao mkono mkubwa hauna.

Tuweke na kipimo. Milimita moja ina maikroni 1,000, na karatasi ya daftari ina unene wa takriban maikroni 100. Kiti cha beringi kwenye shafti ya milimita 40, kwa daraja la usahihi linalotumika sana, kinaruhusiwa kosa la maikroni 16 tu kwa jumla, kutoka kipimo kikubwa hadi kidogo kinachokubalika. Fundi mzuri wa Nyakato hapa Mwanza, kwa mashine nzito ya kukereza iliyotunzwa na maikromita (kifaa cha kupimia unene) mkononi, anafika hapo. Roboti yenye kosa la nusu milimita, yaani maikroni 500, iko mbali mno.

Kosa linazaliwa wapi

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliingia kazini mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Kazi yake ilikuwa kutoa vyuma vya moto kutoka kwenye mashine ya kumimina. Mikono tunayoiona leo imetoka kwenye ukoo huo wa kubeba, kuhamisha, kupaka rangi na kuchomelea. Umbo lake refu lenye viungo vingi ni zuri kwa kufika kila pembe, na ni hapohapo matatizo yanapoanzia.

Kiungo cha begani kikikosea dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii moja, na mkono umenyooka mita mbili, ncha inakosea milimita 0.58. Hilo ni kosa la kiungo kimoja, na bado kuna vitano mbele yake, kila kimoja kikiongeza lake. Gia nazo zina ulegevu kidogo kati ya meno, hivyo mkono ukija kutoka kushoto hautulii mahali uleule unapotulia ukija kutoka kulia.

Joto linafanya kazi yake kimyakimya. Chuma hutanuka takriban maikroni 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mkono wa mita mbili uliowashwa asubuhi ukiwa baridi, ukapata moto wa mota zake kwa nyuzi kumi, umerefuka karibu robo milimita kabla ya saa sita mchana.

Lililo zito kuliko yote ni kupinda. Mashine nzuri ya kuchongea chuma huhitaji nguvu ya zaidi ya nyutoni 50 ili isogee maikroni moja. Mkono wa kawaida wa roboti husogea maikroni moja kwa nyutoni moja, pengine chini ya hapo. Chukua nguvu ya kukata ya nyutoni 200, sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Mashine ya kuchonga itasogea maikroni nne. Mkono wa roboti utasukumwa maikroni 200, kisha ukirudi nyuma utaanza kutetemeka, na kila fundi aliyewahi kukata chuma anaijua ile sauti ya kukwaruza na mawimbi yanayobaki juu ya kazi. Programu mpya haiondoi kupinda kwa chuma. Wala mkono mkubwa zaidi haukuokoi moja kwa moja, maana kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo kosa dogo la begani linavyokuzwa zaidi kwenye ncha.

Kisu cha minofu

Nenda kwenye kiwanda chochote cha minofu ya sangara hapa Mwanza, au simama pembeni ya meza za wapasuaji pale mwaloni Kirumba, uangalie mtu aliyeizoea kazi. Bega na kiwiko vinamletea kisu hadi kwenye samaki, basi. Kuanzia hapo kazi ni ya kifundo na vidole. Kisu kinapita juu ya uti wa mgongo. Kikigusa mfupa vidole vinaachia kidogo, kikizama nyamani vinakaza. Hakuna samaki wawili wenye mgongo unaofanana, lakini mnofu unatoka safi. Tena tazama mkono wake wa kushoto: umelala juu ya samaki, umemkandamiza mezani. Mfunge mtu huyo kifundo na vidole kwa bandeji, mwambie akate kwa bega tu, na hata awe na uzoefu wa miaka mingapi nusu ya nyama itabaki kwenye mifupa.

Mkono wa roboti bila kiganja cha pili ndiye huyo mpasuaji aliyefungwa bandeji. Kila anachokifanya, hata marekebisho ya upana wa karatasi, lazima akifanye kwa kusogeza mwili wake wote mzito. Mikono mikubwa hutikisika yenyewe kwa mapigo kati ya 10 na 30 hivi kwa sekunde, na hairekebishiki haraka kuliko hapo. Kiganja chepesi kinaweza kujirekebisha mara mia kadhaa kwa sekunde.

Wazo la kuvitenganisha viwili hivi liliandikwa wazi mwaka 1984 na Andre Sharon na David Hardt wa chuo cha MIT, Marekani. Walipendekeza mkono mkubwa ubebe mkono mdogo, na kipimo kichukuliwe kwenye ncha yenyewe. Sehemu hiyo ya pili watu huisahau, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Roboti ya kawaida haijui ncha yake iko wapi. Inajua pembe za viungo vyake tu, kisha inapiga hesabu ya mahali ambapo ncha ingekuwa kama chuma kisingepinda na gia zisingekuwa na ulegevu. Kiganja cha pili bila kihisi kinachoiangalia ncha ni sawa na vidole vya mpasuaji vilivyokufa ganzi. Vitasogea vizuri sana, visijue vielekee wapi.

Aina zake

Cha kwanza, cha bei nafuu, hakina mota wala umeme. Miaka ya 1970, watafiti wa Draper Laboratory kule Cambridge, Massachusetts, wakiwamo Daniel Whitney na James Nevins, walikuwa wakihangaika na kazi inayoonekana nyepesi: kuingiza pini kwenye tundu linaloibana. Roboti ikikosea kidogo tu, pini inagonga ukingo, inainama, inakwama. Ukilazimisha inajikaza zaidi, kama bushi iliyogongwa upande mmoja inavyokataa kuingia. Suluhisho lao lilikuwa kifaa cha sahani mbili zilizounganishwa kwa nguzo za tabaka za mpira na chuma. Nguzo zimepangwa kwa pembe maalumu, ili sehemu ambayo kifaa kinazunguka isiwe ndani ya kifaa chenyewe bali mbele, kwenye ncha ya pini. Kwa hiyo ukingo wa tundu ukiisukuma pini pembeni, pini inasogea pembeni bila kuinama. Ukiisokota, inajinyoosha kuufuata mhimili wa tundu. Hakuna kompyuta inayoamua lolote. Umbo na mpira vimekwisha kuamua. Viwanda vinaendelea kukitumia hadi leo, na katika vyote nitakavyovitaja hiki ndicho ambacho karakana yetu ingeweza kujaribu kukitengeneza kwa mikono.

Kipo cha hewa ya kubana, kwa kusaga na kung'arisha. Hiki hakijali sana nafasi, kinajali nguvu: kinalibana gurudumu kwenye kazi kwa msukumo uleule hata uso ukipanda na kushuka milimita kadhaa. Kwa mtu anayesawazisha mistari ya kuchomelea kwenye ubavu wa boti ya chuma, hicho ndicho anachokihitaji, maana ubavu wa boti haujawahi kuwa sawa na mchoro wake.

Cha tatu ni meza ndogo yenye miguu sita inayorefuka na kufupika. V. E. Gough wa kampuni ya matairi ya Dunlop, Uingereza, alikuwa na mashine ya umbo hilo ya kupimia matairi katikati ya miaka ya 1950. Uzuri wake ni kwamba miguu yote sita imeshika sahani moja kwa pamoja, hivyo makosa hayapandiani kama ya viungo vilivyofuatana, na kifaa kinakuwa kigumu kwa uzito mdogo.

Kisha kuna cha kauri inayoitikia umeme, ambacho hushangaza kila anayekisikia kwa mara ya kwanza. Ukibonyeza kitufe cha jiko la gesi na cheche ikaruka bila betri, ndani yake kuna kipande kilichogongwa kikatoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliigundua tabia hiyo mwaka 1880. Inafanya kazi kinyume pia: ipe kauri umeme, itarefuka. Inarefuka kidogo sana, takriban sehemu moja kwa elfu, kwa hiyo mnara wa kauri wa milimita 20 hukupa maikroni 20 hivi. Lakini hizo maikroni 20 unaweza kuzigawa vipande vidogo kuliko chochote ambacho maikromita ya karakana ingeona, na kauri inaitikia haraka mno.

Mwendo huo haupitishwi kwenye gia wala beringi, maana ulegevu wa gia ungeumeza wote. Hupitishwa kwenye kipande kimoja cha chuma kilichokatwa shingo nyembamba hapa na pale, ili chuma chenyewe kijikunje kidogo na kurudi. Hakuna kinachosuguana, hakuna kinachohitaji grisi, hakuna meno ya kuachana. Shingo zikipangwa kwa namna ya wenzo, maikroni 20 zinaweza kukuzwa kufika mia na zaidi, ingawa kila unapokuza mwendo unapunguza nguvu na ugumu. Kauri nayo ina tabia ya kutorudi sawasawa na ilivyokwenda, kwa hiyo huwekewa kihisi chake cha ndani.

Ambacho hakiwezi

Kiganja cha pili hakiufanyi mkono kuwa mgumu. Nguvu ya kukata inapita kwenye zana, inapita kwenye kiganja, inafika kwenye mkono, na mkono unapinda vilevile. Kinachobadilika ni kwamba kiganja, kikiona kupinda huko kupitia kihisi cha ncha, kinairudisha zana mahali pake. Kama kupinda ni kukubwa kuliko urefu wa mwendo wake, kinafika mwisho na kugota. Pia kila kinaposukuma zana mbele kinausukuma mkono nyuma, na kisipopangwa vizuri kinaweza kuuanzishia mkono mtikisiko ambao haukuwapo. Uzito wake nao unakatwa kwenye mzigo ambao mkono ungebeba.

Ndiyo maana kwenye utobozi wa mabawa ya ndege wahandisi huongeza pua ya chuma inayolala juu ya kazi na kuikandamiza kabla drili haijagusa. Ndio ule mkono wa kushoto wa mpasuaji wetu. Nguvu nyingi sasa zinazunguka kati ya pua na bawa badala ya kurudi hadi begani mwa roboti.

Kuna lingine linalotuhusu sisi wa ukanda huu moja kwa moja. Vipimo vya uhandisi duniani huandikwa kwa joto la nyuzi 20. Alumini hutanuka maikroni 23 kwa mita kwa kila nyuzi. Kipande cha alumini cha nusu mita kikipimwa chini ya bati la karakana kwa nyuzi 30, kimerefuka maikroni 115 kuliko mchoro unavyosema. Unaweza kufunga kiganja cha thamani ya nyumba kwenye roboti yako na bado ukatoa kipande kibovu kwa sababu ya jua la saa nane.

Je, karakana za kukereza zimekwisha?

Hapana, na sababu ni ile ya nyutoni 50 kwa moja. Kwa shafti, bushi, puli na kila kitu kinachoingia ndani ya mashine, mashine nzito ya kukereza itaendelea kuushinda mkono wa roboti kwa usahihi na kwa gharama. Roboti yenye kiganja cha pili inapata faida pale kazi isipoweza kupelekwa mashineni, kama bawa la ndege, pangaboi la turbini au ubavu wa meli. Mji wetu wa Mwanza, uliojenga meli ya mita zaidi ya 90 kwenye ufukwe wake, una sababu ya kuijua teknolojia hii, lakini uijue kwa kazi za ukubwa huo.

Wapo wanaosema akili bandia itamaliza tatizo kwa sababu roboti itajifunza kujirekebisha. Inaweza kujifunza makosa yanayojirudia, na hilo ni jambo la maana. Haiwezi kujifunza kosa ambalo hakuna kihisi kinacholiona.

Kwa anayefikiria kununua mkono uliotumika, kipo kipimo cha kufanya kabla ya kutoa hela, na vifaa vyake vipo kwenye karakana nyingi. Chukua saa ya kupimia yenye sindano na kitako cha sumaku. Kitako kikae kwenye meza nzito iliyo peke yake, kisikae juu ya roboti. Gusisha ncha ya saa kwenye sahani ya mwisho ya mkono, mkono ukiwa umewashwa na umenyooka kiasi utakavyofanyia kazi. Ndoana ya mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia samaki, ikamate sahani hiyohiyo, uvute pembeni hadi mizani isome kilo 10. Sindano ikisogea sehemu kumi za milimita 0.01, mkono wako una ugumu wa takriban nyutoni moja kwa maikroni, na huo ni mkono wa kawaida. Achia taratibu uone kama sindano inarudi sifuri; isiporudi, kinachobaki ni ulegevu na msuguano wa gia. Kisha uamuru mkono uijie nafasi ileile kutoka kushoto, halafu kutoka kulia, uandike tofauti. Rudia vyote baada ya mkono kufanya kazi saa mbili na kupata moto.

Jumlisha namba hizo, ndipo uulize kiganja unachouziwa kina mwendo wa kiasi gani. Cha maikroni 100 hakiwezi kuuokoa mkono ambao sindano yake imetembea maikroni 300.